Kabla Sheria Haijaamka: Ugonjwa wa Akili na Uhalifu



Anayeijua njia panda ya Nyakanazi anakumbuka miaka ambayo mabasi ya kwenda Kibondo, au ya kukatiza mapori ya Biharamulo na Ngara, yalikuwa yanasubiriana ili yaondoke kwa msafara kwa hofu ya watekaji, askari wenye bunduki wakiwa ndani. Watekaji wale walikuwa na akili timamu. Walipanga, wakavizia, wakagawana, na silaha zilipatikana kwa sababu ya vita vya nchi jirani. Hakuna aliyewaita vichaa. Lakini pale njia panda, mama akimwona kijana anajisemea peke yake, anamvuta mwanawe. Hofu yetu tumeielekeza kusiko.

Sisemi kwamba uhusiano kati ya ugonjwa wa akili na uhalifu haupo. Upo, ila ni mwembamba, na njia yake inajulikana: mgonjwa anasikia sauti, anaamini jirani anamtilia sumu, hana dawa, na mara nyingi juu ya hayo kuna gongo au bangi. Huko Uswidi watafiti waliwafuatilia wagonjwa 82,647, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walimlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: vipindi alivyotumia dawa za kutuliza saikosisi, makosa ya ukatili yalikuwa pungufu kwa asilimia 45 kuliko vipindi alivyokuwa hazitumii.

Mojawapo ya dawa hizo ni flufenazini, sindano ya mafuta inayochomwa kwenye tako na kumkalisha mgonjwa karibu mwezi mzima bila vidonge. Inataka muuguzi, kichupa cha dawa na nauli. Ikikosekana mara mbili tatu, usingizi unaweza kuwa wa kwanza kupotea, kisha sauti zikarudi. Ndugu wanamfunga kamba, wanampeleka kwa mganga, na huko wanatajiwa jina la aliyemroga. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana mgonjwa aliyekuwa akimshuku mama yake mdogo sasa amethibitishiwa na mtu mwenye akili zake.

Akiua, sheria inaamka. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamwondolea hatia ikiwa ugonjwa ulimfanya asielewe anachokitenda, asitambue kwamba hapaswi kukitenda, au ashindwe kujizuia. Hilo la tatu halimo katika kanuni za majaji wa Uingereza zilizotokana na kesi ya M'Naghten mwaka 1843, nami naliona ni heshima kwa sheria yetu. Mahakama humpeleka Isanga, katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kutoka Nyakanazi hadi huko unapita Kahama, Nzega na Singida. Daktari ana siku 42 za kuandika taarifa kuhusu saa moja ambayo huenda ilipita miaka miwili nyuma, na aliyemwona mgonjwa saa hiyo ni shangazi asiyeulizwa na mtu. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba jaji hafungwi na maoni ya daktari akiwa na sababu za msingi. Naafiki, na kwa hiyo nawasihi mawakili: mleteni shangazi kizimbani atoe ushahidi.

Anayeonekana alitenda lakini hana hatia kwa ajili ya ugonjwa haendi nyumbani. Anawekwa kizuizini asijue tarehe ya kutoka. Siku akirudi, wafiwa wanaishi nyumba ya tatu, na dawa inatakiwa mwezi huo huo. Naomba hospitali ya wilaya ipewe taarifa kabla hajapanda basi, na halmashauri za Ngara na Biharamulo ziitengee sindano hiyo fungu lake katika bajeti.