Mlango Uliofungwa Philadelphia



Mwezi wa Mei mwaka 1787, wajumbe wa majimbo ya Amerika walipokutana mjini Philadelphia kuitengeneza serikali yao, katika jumba lile lile ambamo miaka 11 nyuma walijitangazia uhuru na kumkana Mfalme wa Uingereza, miongoni mwa mambo ya awali waliyoyakata, kabla ya kujadili la rais wala la bunge, ni kwamba yatakayosemwa humo ndani yasitoke nje: yasichapwe magazetini, yasiandikwe katika barua, wala mtu asinakili daftari la mkutano pasipo idhini. Milangoni waliwekwa walinzi. Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi huko Paris wakati huo, alimwandikia John Adams barua ya kulaumu, akaiona ni desturi mbaya mno kuwafunga watu ndimi. Na mwenye insafu hatamwona Jefferson kuwa amekosa, maana ni ajabu kwamba serikali inayodai kusimama juu ya ridhaa ya raia izaliwe mahali ambapo raia hawaruhusiwi hata kutega sikio.

Ni siri hiyo ninayotaka kuizungumza leo, kwa kuwa aghalabu tunaposimuliwa asili ya dola ile tunapewa majina ya wakubwa na tarehe za vita, nayo siri hupitwa juu juu.

Sababu ya kukutana walikuwa nayo. Mkataba uliowaunganisha tangu mwaka 1781 ulilipa Baraza lao jina la serikali bila ya nguvu za serikali: kodi haliwezi kutoza, huomba tu, kila jimbo, kubwa kwa dogo, lina kura moja, na kuubadili mkataba wenyewe kulihitaji ridhaa ya majimbo yote 13, hata Rhode Island ilipokataa ushuru wa asilimia tano juu ya bidhaa za kigeni, shauri lile likafa. Huko Massachusetts wakulima waliolemewa na madeni, pamoja na Daniel Shays, askari wa zamani wa vita vya uhuru, walizifunga mahakama kwa nguvu, na Januari ya 1787 wakaiendea ghala ya silaha ya Springfield. Wenye mali wakatishika. Wajumbe, basi, walitumwa kuutia viraka mkataba. Wao wakautupa na kushona mwingine, jambo ambalo, lau lingalijulikana nje katika juma lile la kwanza, naamini wengi wao wangaliitwa warudi makwao kabla ya Juni kwisha.

William Pierce, mjumbe wa Georgia, ametuachia kisa kinachoonyesha jinsi amri ile ilivyoshikwa. Mjumbe mmoja aliangusha karatasi yenye hoja za mkutano. Jenerali Mifflin wa Pennsylvania akaiokota, akampa George Washington, aliyekuwa mwenyekiti, naye akaitia mfukoni, akanyamaza nayo mpaka shughuli za siku zilipokwisha na watu wanataka kuinuka. Ndipo aliposimama, akasema amesikitika kuona kwamba mmoja wao amezipuuza siri za mkutano hata karatasi ikaangushwa, akawasihi wawe na hadhari zaidi, na kwamba yeye hajui ni ya nani, walakini hiyo hapo, mwenyewe na aichukue. Akaibwaga mezani, akainamisha kichwa, akatwaa kofia yake, akatoka kwa haiba iliyowatia hofu wote waliokuwamo. Pierce akajipapasa mfukoni: karatasi yake haipo! Akasogea mezani kwa woga, akakuta mwandiko si wake, na aliporejea nyumba ya wageni alikopanga akaiona yake katika mfuko wa koti alilolivua asubuhi ile. Ama ile ya mezani, hakutokea mtu wa kuidai. Majenerali na mawakili wenye sifa zao, wamekaa wanaiogopa karatasi!

Siri ile iliwapatia nini? Iliwapatia nafasi ya mtu kurudi nyuma katika kauli yake bila ya kuaibika mbele ya waliomtuma. Walikata kwanza kwamba rais ateuliwe na bunge kwa muda wa miaka saba. Julai wakaona heri wateuzi maalumu. Siku chache baadaye wakarudi kwa bunge. Na Septemba ndipo walipotua juu ya wateuzi na miaka minne. Gunning Bedford wa Delaware, alipoona majimbo makubwa yanataka kuyameza madogo, alithubutu kutamka kwamba madogo yanaweza kumtafuta rafiki wa kigeni atakayewashika mkono. Neno kama hilo likichapwa gazetini humfunga mtu maisha yake yote, ilhali chumbani lilipozwa, na tarehe 16 Julai, kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne, wakapatana kwamba Baraza la Wawakilishi lifuate wingi wa watu na katika Seneti majimbo yawe sawa. James Madison, katika uzee wake, alisema kwamba mashauri yale yangalifanywa hadharani, katiba isingalipitishwa kamwe.

Nakubali. Walakini mlango ule ule ulifunika na mapatano mengine. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa viti vya bunge, na yakakubaliwa kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, hata mtumwa asiye na kura akawa anamwongezea bwana wake nguvu ya kumtawala. Gouverneur Morris wa Pennsylvania aliwauliza waziwazi: ikiwa ni watu, mbona hamwapi uraia wakapiga kura, na ikiwa ni mali, mbona mali nyingine haihesabiwi? John Rutledge wa South Carolina alisema kwamba katika biashara ya watumwa dini na utu havina lao, lenye kutawala ni maslahi. Na mwezi Agosti biashara hiyo ikapewa muda mpaka mwaka 1808 bila ya Bunge kuweza kuikataza.

Ni haki kusema kwamba katiba haikumfunga mtu mpaka mikutano ya majimbo tisa, iliyochaguliwa kwa kusudi hilo, iikubali, na huko ilitetewa na kushambuliwa hadharani: Massachusetts ikapita kwa kura 187 dhidi ya 168, Virginia kwa 89 dhidi ya 79, New York kwa 30 dhidi ya 27, na malalamiko ya wapinzani ndiyo yaliyozaa vifungu kumi vya haki za raia mwaka 1791. Lakini waliopiga kura katika mikutano hiyo walipewa hati tu. Maneno ya Morris na Rutledge hawakuyasikia.

Madison alikuwa ameandika kila siku yaliyosemwa, na hakuruhusu yachapwe akiwa hai. Yalitoka mwaka 1840, mwaka ule ule ambao jahazi la Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, liitwalo Sultana, lilitia nanga New York na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Na kufikia hapo wajumbe wote 55 wa Philadelphia walikuwa wamekwisha kufa. Wendell Phillips, mpinzani mkubwa wa utumwa, akayakusanya mwaka 1844 kuwa ushahidi kwamba katiba nzima ni mkataba wa kulinda utumwa. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland akatoroka, alikuwa na rai hiyo zamani, kisha akaiacha. Na alipohutubia Glasgow mwaka 1860 aliishika siri yenyewe akaifanya hoja: mashauri yale, alisema, yalifichwa kwa makusudi ili watu waipokee hati na wala si nia zilizokuwa nyuma yake, basi hati na isomwe kama ilivyo, nayo haimtaji mtumwa wala haimpi mtu yeyote milki juu ya mwenziwe. Wanazuoni wa sheria wangali wakibishana juu ya usomaji huo, nami naona Phillips ndiye mwenye ushahidi. Ila ya Douglass ndiyo hoja ambayo mabwana wale waliofunga mlango wasingaliweza kuijibu bila ya kukiri walichokusudia kukificha.