MAZUNGUMZO: KUCHAGUA KAMPUNI YA SAFARI ZA PAMOJA WAKATI WA LIKIZO



Watumishi wa ofisi moja, majirani wa mtaa mmoja au jamaa wa ukoo mmoja kuchanga fedha na kusafiri pamoja wakati wa likizo ni desturi njema. Humwezesha mwenye kipato cha wastani kufika Mikumi, Serengeti au Ngorongoro, mahali ambapo peke yake asingefika kwa urahisi. Lakini fedha hizo huwa ni akiba ya miezi mingi, na kwa kawaida hulipwa kabla ya safari. Kwa hiyo uaminifu wa kampuni hauna budi kupimwa wakati fedha zingali mikononi mwa wenyewe. Zikishatoka, kinachobaki ni karatasi aliyonayo msafiri, na asiye na karatasi hana cha kushika.

Biashara hii ina umri mrefu. Tarehe 5 Julai, 1841, Mwingereza Thomas Cook aliwapeleka kwa treni watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa nauli ya shilingi moja kila mtu. Kampuni iliyobeba jina lake ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za safari duniani, kisha ikaanguka tarehe 23 Septemba, 2019, wateja wake wengi wakiwa bado ugenini. Serikali ya Uingereza iliwarejesha nyumbani watu zaidi ya 140,000 katika muda wa wiki mbili. Wale ambao safari zao zilikingwa na mpango wa dhamana wa nchi hiyo, na hawakuwahi kuondoka, walistahiki kurejeshewa fedha. Funzo lililopo ni kwamba ukongwe wa jina si dhamana. Dhamana ni utaratibu uliowekwa mapema, kabla ya kampuni kutetereka.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni leseni. Kwa Zanzibar, kampuni za kutembeza wageni hupewa leseni na Kamisheni ya Utalii. Kwa Tanzania Bara, leseni hutolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kiongozi wa kikundi aombe kuiona leseni yenyewe na kusoma tarehe ya kumalizika kwake. Aidha, ahakikishe kuwa jina lililomo ndani ya leseni ndilo lililomo katika stakabadhi na katika akaunti ya benki. Kampuni inayotaka fedha zitumwe katika simu ya mtu binafsi ni ya kutiliwa shaka, hata kama msemaji wake ni mtu wa karibu.

Jambo la pili ni bei. Bei ya chini peke yake haielezi kitu mpaka ijulikane imebeba nini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na kwa kiwango kidogo kuliko mgeni wa nje, maadamu anacho kitambulisho. Bei itakayotolewa ioneshe kiwango hicho. Safari ya Serengeti inayopitia Ngorongoro ioneshe ada za pande zote mbili, kwa kuwa sehemu hizo zinaendeshwa na mamlaka mbali mbali. Kwa upande wa Mikumi, barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi. Abiria wa basi la kawaida huweza kuwaona wanyama kwa dirishani bila ya kulipa kiingilio chochote. Kwa hivyo ratiba itamke wazi kwamba kikundi kitaingia langoni, kwa gari gani, na kwa saa ngapi.

Jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni chombo. Wakaazi wa visiwa hivi hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi. Tarehe 18 Julai, 2012, ilizama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam. Katika msiba wa 2011, idadi ya waliokuwemo ilikuwa vigumu kujulikana kwa sababu si wote walioandikwa. Hivyo kila msafiri, na mtoto pia, awe na tiketi yenye jina lake mwenyewe. Kikundi kikikuta chombo kimejaa kisubiri kingine, na mkataba uiruhusu subira hiyo bila ya kukipotezea fedha. Barabarani, ijulikane kabla ya safari kama gari lina bima hai na kama safari ndefu ina madereva wawili.

Jambo la nne ni mkataba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba uandikwe kwa lugha inayofahamika na wanakikundi wote. Utaje siku za safari, mahali pa kulala, milo, chombo, na kiasi kitakachorejeshwa iwapo kampuni itaahirisha au msafiri ataugua. Ni busara malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kuweka nafasi, na sehemu ya mwisho safari inapokaribia. Stakabadhi zihifadhiwe na watu wawili, asiachiwe mmoja peke yake.

Kampuni njema haichukizwi na maswali haya. Huyajibu kwa karatasi. Inayokasirika au kuharakisha malipo imekwishajieleza yenyewe, na kikundi kitafute nyengine. Likizo ni haki ya mtumishi na ni pumziko la mwili na akili. Inafaa arejee kazini akiwa salama, na akiba yake ikiwa imetumika kwa kile alichokubali kukilipia.