Mtoto Mweupe wa Wazazi Weusi: Mhadhara juu ya Urithi wa Maumbile



Neno ninalokusudia jioni hii ni la nasaba. Mtoto akizaliwa, majirani humtazama pua na masikio wakaamua ni ya nani. Na ikiwa amezaliwa mweupe, nywele zake rangi ya majani makavu, hali wazazi wote wawili ni weusi, hukumu hupitishwa upesi, na aghalabu humwangukia mama. Mimi nasema hukumu hiyo ni dhuluma, na shahidi wangu ni elimu ya urithi.

Mwaka 1865, katika mji wa Brno, mtawa Gregor Mendel aliwasomea wasomi wenzake habari za njegere zake. Alikuwa amezichanganya za manjano na za kijani, na kizazi cha kwanza kikatoka cha manjano kitupu. Lakini kizazi hicho kilipozaa, alihesabu mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani takriban moja katika kila nne. Kumbe ule ukijani haukufa, ulijificha tu.

Ndivyo ulivyo ualbino. Katika jeni iitwayo OCA2, ambayo ndiyo ihusikayo zaidi kwetu Afrika, kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro hubaki mweusi, wala hajui alichobeba. Na wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba, bila kujali waliotangulia, ina nafasi moja katika nne ya kupata kasoro pande zote mbili. Tanzania hukadiriwa mtu mmoja katika 1,400 ana ualbino. Tukiipigia hesabu nambari hiyo, takriban mmoja katika kila 19 amebeba nakala moja yenye kasoro. Basi mtoto huyo si ushahidi wa zinaa; ni ushahidi kwamba baba naye ametoa fungu lake.

Lakini jua nalo lina sehemu yake. Utazameni mkono wa mtoto huyo: mara nyingi una madoadoa ya kahawia palipopigwa na jua, na kwapani hamna hata moja. Wazungu wenye vidoa usoni aghalabu huvipata kwa jeni nyingine, MC1R, lakini kwao pia jua ndilo livitokezalo. Nasaba, basi, imempa ngozi, nayo nasaba haibadiliki. Jua tunaweza kumkinga nalo.

Kwa hiyo nawasihi: mvisheni kofia pana na mikono mirefu, mkalisheni mbele darasani kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, nawe baba, siku utakapoletewa mtoto wa namna hiyo, mpokee wewe kwanza, mbele ya majirani, kwa maana nusu ya alichorithi ni yako.