Rangi Isiyochuja

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, akina mama wanaochapa vitambaa vya meza hupoteza wateja rangi inapochuja mara ya kwanza kufuliwa. Rangi ya unga haishikani na pamba yenyewe. Hushikwa na gundi ya lateksi, yaani chembe za akriliki ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe huungana kuwa utando mwembamba unaoigandisha rangi. Lakini jua peke yake halitoshi. Utando hukomaa kwa joto la nyuzi 150 hivi, kwa dakika chache. (Wengine huongeza gundi tu, na kitambaa hukakamaa kama turubai.) Kwa hiyo, mkituuliza mchango uelekezwe wapi, tunaomba mashine ya joto kabla ya madebe mengine ya rangi. Nanyi wanakamati, kabla ya kuuza, isugueni chapa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Cheupe kikishika rangi, kazi irudishwe kwenye joto.