Kung'arisha na Kutia Rangi Vyombo vya Aluminiamu Nyumbani: Mazungumzo na Wamama wa Kliniki



Juma lililopita, wakati wa kupima uzito wa watoto, mama mmoja aliniuliza: "Mama muganga, kijana wangu anajifunza kutia rangi vijiko na vifuniko vya aluminiamu. Anasema iko na faida. Lakini mimi naogopa ile maji yake. Nimukataze?" Nikamwambia angojee siku ya mafundisho, juu swali lake ni la wamama wengi. Basi leo hatutasema juu ya malaria wala kuhara. Tutasema juu ya sufuria.

Kwanza, tujue aluminiamu ni kitu gani

Chuma kinashika kutu nyekundu. Aluminiamu haishiki. Sababu ni nini? Hewa ikiigusa tu, inapata ngozi nyembamba sana, ngumu, ambayo macho hayaioni. Ngozi hii inailinda. Lakini ngozi hii ina adui wawili: vitu vya uchachu, kama ndimu, tomati na siki, na vitu vya namna ya majivu, kama magadi, maji ya majivu na soda kostiki ya kupika sabuni. Vyote viwili vinaikula.

Mshike neno hili la ngozi. Kazi yote ya kung'arisha na kutia rangi ni kazi juu ya ngozi hiyo: ao kuipunguza, ao kuinenepesha.

Kung'arisha kwa bei kidogo

Sufuria ikichemsha maji siku nyingi inakuwa nyeusi ndani. Weusi huo si uchafu, wala haudhuru mtu. Ukitaka kuuondoa, jaza maji mpaka juu ya ule weusi, kamulia ndimu mbili ao tatu, chemsha kwa robo saa, kisha mwaga maji yale. Msipike chakula nayo. Osha kwa sabuni, suuza vizuri.

Inje, kwenye masizi, chukueni majivu yaliyochekechwa, maji kidogo na kitambaa. Majivu ni laini, yanang'arisha. Mchanga unakwaruza. Wengi wetu tunapenda kusugua kwa mchanga kila siku, ndani na inje, mpaka jirani ajione uso wake katika sufuria. Inje, fanyeni. Lakini ndani, kila mnaposugua kwa nguvu mnaondoa ile ngozi, na madini yanaingia katika chakula. Bwana wetu aliwafundisha Wafarisayo kuangalia kwanza ndani ya kikombe. Nasi leo tuangalie ndani, lakini kwa kitambaa laini na sabuni.

Kutia rangi bila sumu

Kuna njia moja ambayo mama anaweza kuifanya pa jiko lake. Ni njia ya mafuta. Inafaa kwa kishikio, kifuniko, ao kitu cha kupamba nyumba.

1. Osha chombo kwa sabuni mpaka mafuta yote ya zamani yatoke. Kausha.
2. Paka mafuta ya soya ao ya alizeti, kidogo sana, kisha futa kama unataka kuyaondoa yote. Mafuta ya mawese hayafai, yanabaki ya kunata.
3. Weka juu ya makala yenye moto wa kadiri mpaka moshi uanze na kuisha. Fanya kazi hii inje, watoto wakae mbali. Usisukumize chombo katikati ya makala mekundu, juu aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660, na kipande chembamba kinaharibika upesi.
4. Acha kipoe. Rudia mara tatu ao ine. Kwanza kinakuwa cha manjano, kisha rangi ya kahawa, mwisho karibu cheusi.

Rangi ya kopo nayo inashika, kama mkikwaruza kwanza kwa karatasi ya msasa, mkaosha na kukausha, kisha mkapaka mara mbili nyembamba kuliko mara moja nene. Lakini ni kwa upande wa inje tu, mbali na chakula na mbali na moto. Tena si kwa kitu ambacho mtoto anatia kinywani, juu rangi zingine zina plombo ndani. Rangi ya nguo haishiki juu ya aluminiamu tupu. Mkiosha tu inatoka.

Rangi ya mafundi

Sasa tuje kwa yule kijana. Ili rangi ya nguo ishike, mafundi wananenepesha ile ngozi kwa umeme. Kwanza wanaosha kipande kwa soda kostiki. Kisha wanakitia katika maji yenye asidi ya batri, wanafunga waya ya chanya ya batri ya volti 12, na kuacha karibu saa moja. Ngozi inakuwa nene yenye vitundu vidogo sana. Vitundu vinakunywa rangi. Mwisho wanachemsha kipande katika maji safi karibu nusu saa, vitundu vinajifunga, rangi inabaki ndani.

Ni kazi nzuri, nami siikatazi. Kijana mwenye kazi ni baraka nyumbani. Lakini soda kostiki iliyoyeyuka inaonekana kama maji. Asidi ya batri inaonekana kama maji. Na mtoto wa miaka miwili hajui kuuliza.

Nitawaambia niliyoyaona. Mtoto mwanaume wa miaka mitatu alitoka kucheza na kiu. Chini ya meza ya kaka yake palikuwa chupa ya limonadi. Akakunywa. Ilikuwa soda kostiki. Mama yake alikuwa mama mwenye akili na upendo. Alifanya lile ambalo jirani wote walimwambia: alimnywesha mafuta ya mawese ili atapike. Ile soda ikapita kooni mara ya pili. Midomo ilipona. Lakini baada ya majuma matatu mtoto hakuweza kumeza bugali, kisha hata uji ulikuwa unarudi. Koo lilikuwa limejifunga kwa kovu. Tulimtuma mbali, kwa hospitali kubwa, kupanuliwa koo mara nyingi. Leo yuko mzima, lakini alikula uzima wake kijiko kwa kijiko, na baba aliuza shamba.

Mama huyo aliniambia: "Mama muganga, kama ningejua tu kwamba ile chupa iko pale." Juu ya neno hilo nasema nanyi leo.

Mambo ya kumwambia kijana

1. Soda na asidi zisikae hata siku moja katika chupa ya limonadi, ya bia ao ya maji. Zikae katika chombo chake chenye alama, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu.
2. Akichanganya, maji yatangulie, kisha asidi kidogo kidogo. Asimwage maji juu ya asidi, itamrukia usoni. Soda kostiki vilevile, soda iingie katika maji.
3. Afanye kazi inje, bila moto wala sigara. Kazi hii inatoa hewa inayolipuka.
4. Avae miwani na glove. Ndoo ya maji safi ikae karibu.
5. Asivunje batri ya zamani kutafuta plombo ya kufungia waya ya pili. Kipande kingine cha aluminiamu kinafanya kazi ile ile. Huko Senegal, pale Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008 kwa sababu ya plombo ya batri zilizovunjwa karibu na nyumba.
6. Asitie rangi hiyo ndani ya kikombe, sahani ao kijiko cha kulia.

Mtoto akikunywa ao akimwagikiwa

Mkisahau yote, msisahau haya. Akikunywa: msimtapishe. Msimpe mafuta, wala maziwa, wala ndimu. Mumwoshe kinywa kwa maji, ateme. Mkimbie naye hospitali mara moja, pamoja na ile chupa. Hata kama midomo haina kidonda, mkuje, juu koo linaweza kuungua na midomo ikabaki mizuri.

Ikimwagika juu ya ngozi ao ndani ya jicho: vueni nguo, mmimine maji safi mengi kwa dakika 20 na zaidi, jicho likiwa wazi, kisha hospitali. Usisubiri kesho.

Neno la mwisho juu ya sufuria zetu

Masokoni petu, kutoka Bukavu mpaka Lubumbashi, tunanunua sufuria ambazo mafundi wanayeyusha kutoka vipande vya motere na vyuma vya kutupwa. Ni za bei nafuu, ni ngumu. Lakini kati ya vipande vile mara nyingine mna plombo. Mwaka 2017 wachunguzi walitoa habari ya sufuria na vyombo 42 vya namna hii kutoka inchi 10. Zaidi ya theluthi moja vilikuwa vinatoa plombo ya kudhuru. Plombo haionekani, haina harufu, na kusugua hakuiondoi. Inaharibu akili ya mtoto polepole, na inapita kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto anaikamata mwilini kuliko mtu mkubwa.

Sitawaambia mtupe sufuria zenu, mtapikia nini? Lakini fanyeni haya:

Sufuria mpya, chemsheni maji ndani mara mbili tatu na kuyamwaga, ili ngozi inenepe. Haitoi plombo, lakini inasaidia aluminiamu isitoke nyingi.

Chakula chenye tomati ao ndimu kisilale ndani ya sufuria ya aluminiamu. Kihamisheni katika bakuli.

Mkiweza kununua sufuria moja tu ya inoksi, hata ndogo, iwe ya uji wa mtoto na ya mama mwenye mimba.

Wapeni watoto maharagi, lengalenga, na ndagala ao sambaza pamoja na mifupa yao. Mtoto mwenye damu ya kutosha na mifupa yenye nguvu anakamata plombo kidogo kuliko mtoto mwenye njaa.

Sasa, kabla ya kwenda kwa mizani, mnijibu kwa sauti. Soda kostiki inakaa wapi? Mtoto akiikunywa, tunamtapisha? Tunampa mafuta?

Na mkifika nyumbani, kabla ya kuweka maji motoni, angalieni chini ya meza na nyuma ya mlango. Chupa gani iko pale? Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.