Betri Moja, Mashine za Chapa Mbili

Betri ya DeWalt iliyoandikwa volti 20 na ya Makita iliyoandikwa volti 18 hazitofautiani kwa volti kama maandishi yanavyodai. Ndani ya kila moja mna seli za lithiamu zilizounganishwa kwa mfululizo wa 5. Kila seli hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa huzidi kidogo volti 4; kwa hiyo 18 ni hesabu ya wastani, na 20 ni ya betri iliyojaa. Ndiyo maana adapta ya plastiki huweza kuiwasha drili ya chapa moja kwa betri ya chapa nyingine. Lakini kuwaka si kuwa salama. Mbali na vyuma vya chanya na hasi, betri ina vituo vidogo vinavyopeleka taarifa za joto na chaji. Kwa baadhi ya chapa, kinachokata umeme betri inapokaribia kuisha ni mashine, si betri yenyewe. Adapta isiyopitisha taarifa hizo huiacha drili inyonye umeme hadi seli zishuke chini ya volti 2.5 na kuharibika.

Wapo watakaosema adapta ni rahisi kuliko betri mpya. Ni kweli, ila betri ikifa, urahisi huo umekuwa ghali. Nafuu ya kudumu ni kuchagua familia moja ya betri kabla ya kununua: tangu 2018, mfumo wa CAS ulioanzishwa na Metabo huruhusu betri moja kutumika kwenye mashine za kampuni kadhaa. Ukilazimika kutumia adapta, simamisha kazi nguvu inapopungua, chomoa betri ukimaliza, na uichaji kwa chaja yake tu.