Bomba Lisilopaswa Kuzibwa: Ufungaji wa Mabomba ya Hita ya Maji Katika Biashara



Katika miji ya nyanda za juu kama Njombe, Mafinga na Lushoto, mgeni anayefika mwezi wa Juni au Julai huulizia maji ya moto kabla hajaulizia bei ya chumba. Kwa sababu hiyo wengi wenu mmenunua, au mnakusudia kununua, hita kubwa za lita 200, 300 au zaidi. Dukani mnauliza ukubwa wa tangi, matumizi ya umeme na muda wa dhamana, na mnafanya vema. Leo, hata hivyo, nitazungumzia mabomba, kwani ndiyo yanayoamua kama hita hiyo itawafaa au itawadhuru, na ndiyo sehemu ambayo mnunuzi humwachia fundi bila kuuliza neno.

Tuanze na tabia ya maji yenyewe. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 300 za maji zikipashwa kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 za Selsiasi, huongezeka kwa takriban lita 5. Lita hizo ni lazima zipate pa kwenda. Pale ambapo hita inalishwa na tangi la juu, zinaweza kurudi nyuma kwenye bomba la maji baridi, au kupanda kwenye bomba la pumzi lililoachwa wazi juu ya usawa wa tangi hilo. Lakini palipofungwa valvu ya njia moja inayozuia maji yasirudi nyuma, kama inavyofanyika mara nyingi penye pampu, lita hizo hazina njia, na shinikizo ndani ya hita hupanda.

Ndiyo sababu hita ya namna hiyo sharti iwe na valvu ya usalama. Valvu hiyo hufunguka shinikizo linapozidi kiwango kilichoandikwa juu yake, na katika hita nyingi kubwa hufunguka pia joto linapokaribia nyuzi 100. Umuhimu wake huonekana siku kidhibiti joto kinapoharibika, umeme ukaendelea kupasha maji bila kikomo. Maji yaliyobanwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tangi likipasuka katika hali hiyo, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi inayozidi mara 1,600 ile ya maji yaliyouzaa. Nguvu hiyo huweza kubomoa ukuta na kuua watu.

Sasa tazameni jinsi hatari hii inavyoletwa na watu wasio na nia mbaya. Valvu inadondosha maji. Mwenye nyumba anaona ukuta umelowa na rangi inabanduka. Anamwita fundi, fundi anakaza plagi kwenye mdomo wa bomba la valvu, maji yanakoma, na kila mmoja anaridhika. Tangu saa hiyo wageni wanalala karibu na chombo kilichozibwa pumzi.

Valvu inayodondosha haizibwi, inachunguzwa. Ikidondosha kidogo wakati maji yanapopata moto, kisha ikakoma, inatoa zile lita zilizotanuka, na dawa yake ni kufunga tangi dogo la upanuzi kwenye bomba la maji baridi, kati ya valvu ya njia moja na hita. Ikidondosha mchana na usiku, huenda maji yanaingia kwa shinikizo kubwa mno, na hapo inahitajika valvu ya kupunguza shinikizo; au huenda uchafu umeingia ndani yake, na inahitaji kubadilishwa. Ikitoa maji yanayochemka au mvuke, zimeni umeme mara moja na mwiteni fundi.

Bomba linalotoka kwenye valvu hiyo lina masharti machache ambayo kila mmoja wenu anaweza kuyakagua kwa macho. Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa valvu. Literemke moja kwa moja, bila kupinda kwenda juu. Lisiwe na koki wala plagi mahali popote. Liwe la shaba au la chuma, maana litapitisha maji ya moto kupita kiasi. Mwisho wake uwe nje au juu ya mfereji, mahali panapoonekana, lakini si pale anapopita mtu au anapocheza mtoto. Pia kusiwe na koki kati ya tangi na valvu ya usalama. Koki ya kufungia maji hukaa kwenye bomba la maji baridi, kabla ya yote.

Kuhusu mabomba ya kusambaza maji, jueni mnachonunua. Bomba la kawaida la PVC ni la maji baridi. Likipitishiwa maji ya moto hulainika na viungo vyake huachia. Bomba la PPR hufaa, lakini someni maandishi yaliyo ubavuni: PN10 ni la maji baridi, na kwa maji ya moto chukueni PN20. Kipande cha kwanza kinachotoka kwenye hita ni afadhali kiwe cha chuma au shaba. Kumbukeni pia kwamba PPR hutanuka sana. Urefu wa mita 10 ukiongezewa nyuzi joto 40 hurefuka kwa takriban sentimita 6, hivyo fundi aache nafasi na mapindo ya kupokea urefu huo. Bomba linalopita juani lifunikwe, kwa kuwa jua hulichakaza, na bomba lote la maji ya moto livikwe sponji ya kuhifadhi joto. Asiye na sponji hulipia umeme wa kupasha moto ukuta.

Wapo wanaoshusha joto la hita hadi uvuguvugu ili kubana matumizi. Hilo nalo lina madhara. Bakteria wa Legionella, waletao homa kali ya mapafu, husitawi katika maji ya uvuguvugu. Ugonjwa huo ulipata jina lake baada ya mlipuko uliotokea hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Maji ndani ya tangi yawe nyuzi 60, na matawi ya bomba yasiyotumika yakatwe, yasiachwe na maji yaliyolala. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Kwa hiyo fungeni valvu ya kuchanganya maji kabla hayajafika bafuni.

Mwisho ni mkataba. Andikianeni, hata kama fundi ni jirani. Aina ya mabomba itajwe, valvu ya usalama itajwe, na sehemu ya malipo ibaki hadi ukaguzi umalizike. Kabla ukuta haujapigwa plasta, mabomba yajaribiwe kwa maji baridi, kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kawaida, nanyi mkiangalia kama mshale wa geji unashuka. Tangi lijazwe na hewa itoke yote bombani kabla umeme haujawashwa. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Tunzeni risiti: bidhaa ikiwa mbovu, bila risiti ni vigumu kumdai muuzaji au kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Kwa wale ambao hita zao zimekwisha kufungwa, ombi langu ni dogo. Mkifika nyumbani leo, tafuteni mdomo wa bomba la valvu ya usalama. Mkikuta plagi, zimeni umeme wa hita hiyo, na usiwashwe tena mpaka fundi aifungue na kuichunguza valvu.